Ambulensi Zibaki Kaunti, Nairobi Imalize Kazi Yake

Binti wa shangazi yangu alijifungua salama katika zahanati ya kijijini kwetu, usiku wa masika, kisha damu ikakataa kukatika. Muuguzi wa zamu alipiga namba tatu tofauti kabla hajampata mtu wa kutuma ambulensi. Gari lilifika baada ya saa moja na nusu. Ndani mlikuwa na dereva na machela, basi. Mtungi wa oksijeni ulikuwa mtupu. Hapakuwa na mhudumu wa kumwangalia mgonjwa njiani. Tulipofika barabara ya lami dereva akatuomba, na aibu imemjaa usoni, tumchangie mafuta. Muuguzi alikuwa amefunga zahanati kwa kufuli akapanda naye, akawa anamkanda mgonjwa tumbo kwa mikono yake mwenyewe mpaka hospitali ya rufaa. Binti huyo yuko hai leo, na mtoto wake anatembea.

Siku ya arobaini ya mtoto, ubani umekwisha kuvukizwa na watu wako kwenye biriani, mjomba wangu alisema maneno ambayo tangu hapo nimeyasikia kwenye matatu, redioni na katika mikutano ya hadhara: ugatuzi ndio unaotuua, ambulensi zirudishwe Serikali Kuu. Hakuna aliyembishia. Nilinyamaza kwa heshima ya umri wake na ya siku yenyewe. Makala hii ndiyo jibu langu kwake, na kwa wengi wanaosema kama yeye kutoka Vanga hadi Kiunga, na bara kote.

Nitaanza kwa kuieleza hoja yao kama wanavyoieleza wenyewe, maana si hoja ya watu wavivu. Kenya, wanasema, ina kaunti 47, kwa hiyo ina namna 47 za kumbeba mgonjwa. Kaunti moja hununua magari yake, nyingine hukodisha kutoka kwa Msalaba Mwekundu, ya tatu ina magari mabovu gereji na simu isiyopokelewa. Dereva akifika mpaka wa kaunti husita. Gavana hununua ambulensi uchaguzi unapokaribia, hukata utepe uwanjani, na baada ya muda si mrefu magari yale yako juu ya mawe. Wahudumu hukaa miezi bila mshahara. Polisi wetu ni wamoja nchi nzima, jeshi ni moja, mtihani wa Kidato cha Nne ni mmoja; kwa nini uhai wa mtu utegemee ameangukia ng'ambo ipi ya mto? Iwe amri moja, namba moja, bajeti moja. Hata madaktari, kupitia chama chao cha KMPDU, wamedai kwa miaka mingi tume moja ya kitaifa ya watumishi wa afya, nao wanazijua hospitali kuliko mimi.

Yote waliyoyaona ni kweli. Nimeyaona pia. Ninachokipinga ni mkataa wao, kwa sababu unampa zawadi mshtakiwa mkubwa kuliko wote katika kesi hii, ambaye hajawahi kuitwa kizimbani.

Kwanza: kazi mbili zimehesabiwa kuwa moja

Katiba ya 2010 haikuisahau ambulensi. Jedwali la Nne, sehemu ya pili, linaitaja kwa jina miongoni mwa kazi za kaunti, mara tu baada ya vituo vya afya na maduka ya dawa. Sehemu ya kwanza ya jedwali hilohilo inaipa Serikali Kuu sera ya afya na hospitali za rufaa za kitaifa. Halafu kuna Kifungu cha 191, ambacho sijawahi kukisikia kikitajwa na wanaotaka ambulensi zirudi Nairobi. Kinasema kwamba sheria ya kitaifa itaishinda sheria ya kaunti pale ambapo jambo linahitaji usawa nchi nzima na sheria hiyo inauleta usawa huo kwa kuweka kanuni na viwango.

Kwa lugha ya nyumbani: kaunti ilipewa gari, dereva, mafuta na mgonjwa. Nairobi ilipewa uwezo wa kusema gari gani linastahili kuitwa ambulensi, nani apande ndani yake, aandike nini kwenye daftari, na hospitali gani haina ruhusa ya kumkataa anayeletwa. Uwezo huo ulikuwa mikononi mwa Bunge hata kabla ya Agosti 2013, huduma za afya zilipokabidhiwa kaunti. Wala haukuhitaji kumnyang'anya gavana hata gurudumu moja.

Sasa irudie ile safari ya usiku, kitu kwa kitu. Mtungi ulikuwa mtupu kwa sababu hakuna mkaguzi aliyelisimamisha gari lile barabarani kwa kukosa oksijeni, jinsi matatu isiyo na bima inavyosimamishwa. Hapakuwa na mhudumu kwa sababu hakuna aliyeogopa kushtakiwa kwa kutompakia. Muuguzi ana baraza lake la kisheria, daktari ana lake, afisa wa kliniki ana lake. Wahudumu wa dharura waliipitisha miaka kumi ya kwanza ya ugatuzi bila baraza la kisheria la kuwasajili na kuwachukulia hatua, wakijisimamia kupitia chama cha hiari. Yule anayetakiwa kumfikia mahututi wa kwanza, kabla ya muuguzi na kabla ya daktari, ndiye ambaye taifa halikumtungia sheria. Kama hana daftari la usajili, kaunti itajuaje kwamba cheti anachokionyesha si cha kuchapishwa mtaani?

Muuguzi alipiga namba tatu kwa sababu 999 hupokelewa na polisi, Msalaba Mwekundu wana 1199 yao, na kaunti imejitafutia yake. Namba fupi za dharura ziko chini ya Mamlaka ya Mawasiliano, chombo cha kitaifa. Hakuna gavana awezaye kuamka asubuhi akaamuru namba ya dharura ya 112 ilie katika hospitali yake.

Mafuta ni deni la kaunti, na hapo simtetei mtu. Ila hata mafuta yana njia yanakotokea. Katiba inataka mgao wa kaunti ufike bila kucheleweshwa isivyostahili, na kila mwaka tunasikia ukichelewa. Mwaka 2024, baada ya Mswada wa Fedha kuangushwa na vijana barabarani, mgao uliokuwa umepangwa kuwa shilingi bilioni 400.1 ulipunguzwa hadi bilioni 387.4 huku mwaka wa fedha umeshaanza. Mwenye kituo cha mafuta kule Garsen haweki dizeli kwa barua ya ahadi kutoka Hazina Kuu.

Wizara itasema ina sera. Ndiyo, ilichapisha Sera ya Matibabu ya Dharura ya 2020 hadi 2030. Ilitoka miaka saba baada ya kaunti kukabidhiwa magari, na sera haimfikishi mtu mahakamani. Mwenye kampuni binafsi anayepaka basi dogo rangi nyeupe, akaweka king'ora na kumtoza mgonjwa maelfu ya shilingi, haogopi sera. Anaogopa kunyang'anywa leseni.

Kwa hiyo katika mambo manne yaliyotutesa usiku ule, matatu yanahitaji Serikali Kuu itimize wajibu wake, na la nne wanagawana. Mjomba anataka tumkabidhi kazi kubwa yule aliyeiacha ile ndogo bila kuimaliza.

Pili: mkono wa Nairobi tumeshauonja

Wanaotaka ambulensi zirudi husema kana kwamba hazikuwahi kuwa huko. Kabla ya 2013 Serikali Kuu ilishika kila kitu, kuanzia dripu hadi tairi. Kati ya 2008 na 2013 yenyewe iliipasua afya kuwa wizara mbili, ya afya ya umma na ya huduma za matibabu, serikali ya mseto ilipokuwa ikigawana viti. Miaka hiyo watu wa kwetu walibebwa kwa vitanda vya kamba hadi barabarani, na neno gavana halikuwa na maana yoyote kwao isipokuwa lile la enzi za mkoloni. Anayekumbuka ambulensi nzuri za wakati huo alikuwa akiishi karibu na hospitali ya mkoa.

Hata baada ya ugatuzi, Nairobi iliwahi kutuonyesha jinsi inavyofanya inapoamua kwa niaba ya kaunti. Mwaka 2015 Wizara ya Afya ilitia saini mikataba ya kukodisha vifaa vya matibabu kwa hospitali 98, mbili katika kila kaunti na nne za kitaifa, mradi wa miaka saba uliokadiriwa kugharimu shilingi bilioni 38. Kila kaunti ilikatwa milioni 95 kwa mwaka, kisha makato yakapanda hadi milioni 200, kiasi kilekile kwa kaunti kubwa na ndogo, iliyohitaji mashine na isiyozihitaji. Magavana walilalamika kwamba mikataba yenyewe hawakuonyeshwa. Baadhi ya mashine zilikaa ndani ya masanduku yake kwa kukosa umeme wa kutosha, chumba au mtaalamu wa kuziendesha. Kamati maalumu ya Seneti ilipouchunguza mradi huo ilitoa ripoti mwaka 2020 iliyouita wa kihalifu. Fedha zile zilitoka kwenye kapu lilelile linalonunua mafuta ya ambulensi na kulipa mishahara ya wahudumu. Wanaouliza kwa nini gari letu lilikuwa tupu wangeanzia hapo.

Wengine hutaja Nairobi ya jiji. Februari 2020 aliyekuwa gavana, Mike Sonko, alitia saini kukabidhi afya, uchukuzi, ujenzi na mipango ya jiji kwa Serikali Kuu, na shirika la NMS likaundwa chini ya Meja Jenerali Mohammed Badi. Kwa takriban miaka miwili na nusu, hadi 2022, ambulensi za kaunti yenye watu wengi kuliko zote nchini zilikuwa chini ya watu wanaowajibika kwa Ikulu. Huo ulikuwa wakati wa dhahabu wa kutunga sheria ya ambulensi: mwenye magari na mwenye mamlaka ya viwango walikuwa serikali moja. Bunge halikupitisha sheria hiyo. Mkataba ulipokwisha kazi ilirudi kwa kaunti, na ombwe la sheria likabaki palepale.

Na kuna lile lililotutia simanzi sote Oktoba 2015. Mtu aliyegongwa na gari alikaa saa 18 ndani ya ambulensi, akipitishwa hospitali baada ya hospitali Nairobi, mpaka akafa. Ambulensi ilikuwapo. Mhudumu alikuwapo, akimhangaikia muda wote. Kilichokosekana kilikuwa kitanda cha wagonjwa mahututi na sheria yenye meno ya kumzuia mwenye hospitali kudai amana kwanza. Katiba ilikuwa imeshasema, miaka mitano nyuma, kwamba mtu asinyimwe matibabu ya dharura. Sheria ya Afya iliyoweka faini ya hadi shilingi milioni tatu kwa hospitali inayokataa ilikuja 2017. Yote hayo yalitokea katika jiji lenye makao makuu ya wizara, na mlango wa mwisho ulikuwa wa hospitali ya rufaa ya kitaifa. Kama ukaribu na Serikali Kuu ungekuwa dawa, mtu yule angepona.

Tatu: habari ya mpaka

Hii ndiyo hoja yao nzito kuliko zote, na sitaki kuipita kwa haraka. Mgonjwa wa Msambweni au Lunga Lunga akizidiwa, hupelekwa Hospitali Kuu ya Pwani iliyoko Mombasa. Hospitali hiyo ni ya Kaunti ya Mombasa lakini inapokea wagonjwa wa Kwale, Kilifi, Tana River, Lamu na Taita Taveta. Ajali ya basi huko Mackinnon Road au Maungu haiulizi ni upande wa kaunti gani. Zaidi ya watu 4,000 hufa kila mwaka katika barabara zetu, wengi kwenye barabara kuu ambazo hukata kaunti baada ya kaunti. Je, si wazi kwamba huduma inayovuka mipaka iwe ya yule asiye na mipaka?

Nimewauliza madereva swali hili. Hakuna aliyeniambia kwamba anaogopa kibao cha kukaribisha watu kaunti jirani. Wanachoogopa ni bili. Nani atalipa mafuta ya kurudi, nani atalipa kitanda cha upande wa pili, na kama mgonjwa hana jina wala ndugu, karatasi itatiwa saini na nani. Kaunti mwenyeji nayo inaogopa kuwa hospitali ya eneo zima kwa bajeti ya watu wake peke yao, na ina haki ya kuogopa.

Dawa ya hofu hiyo ni fedha kumfuata mgonjwa. Sheria ya Bima ya Afya ya Jamii ya 2023 iliunda hazina ya dharura, magonjwa sugu na mahututi, na tangu Oktoba 1, 2024, Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, imechukua nafasi ya bima ya NHIF. Safari ya ambulensi ikilipwa na hazina hiyo kwa kiwango kimoja, kwa wakati, bila kuuliza gari limetoka kaunti gani, dereva wa Kwale atafika Mombasa bila kusita, na Mombasa itampokea bila kununa. Hazina hiyo imo mikononi mwa nani? Serikali Kuu. Tumerudi palepale.

Na kama mtu anadhani mamlaka ya kitaifa huyeyusha vikwazo vya njiani, akumbuke Likoni. Kwa miongo mingi njia fupi ya kutoka Kwale kwenda Hospitali Kuu ilikuwa juu ya feri inayoendeshwa na shirika la Serikali Kuu. Ambulensi ilipewa nafasi ya mbele, sawa, lakini nafasi ya mbele haimfai mgonjwa ikiwa feri yenyewe iko ng'ambo au imeharibika. Sikumsikia hata mtu mmoja akisema kwamba kwa sababu ya msongamano wa Likoni, Serikali Kuu ipokonywe feri. Kaunti ikishindwa tunasema ipokonywe kazi. Nairobi ikishindwa tunasema iongezewe bajeti.

Nne: usawa unaompendelea aliyeko karibu

Kaunti ya Mombasa ina kilomita za mraba karibu 220. Marsabit inapita 60,000. Sijui ni mtu gani mwenye akili timamu angeziandikia ratiba moja ya magari, lakini huko ndiko hoja ya amri moja inakotupeleka.

Mfano wa Lamu ndio unaonikaa rohoni. Mgonjwa wa Kizingitini au Faza, katika kisiwa cha Pate, hapandi gari. Anapanda mashua. Nahodha anapoitwa usiku hupigia hesabu mambo ambayo hayamo katika fomu yoyote ya wizara: kama ni bamvua au maji mafu, kama mkondo una kina cha kutosha saa hiyo, kama kusi imechafua bahari. Muuguzi wa Faza anayajua hayo kwa sababu anaishi nayo. Anajua pia kwamba wakati mwingine uamuzi sahihi ni kungoja maji yajae kwa nusu saa, na wakati mwingine ni kuondoka papo hapo hata gizani. Hebu mwondolee uamuzi huo umpe mtu aliyeketi mbele ya kompyuta Nairobi, kilomita mia kadhaa kutoka baharini, ambaye orodha yake ya ukaguzi inauliza hali ya matairi.

Mwaka 1994 watafiti Sereen Thaddeus na Deborah Maine walieleza kwamba mama mjamzito hufa kwa kucheleweshwa mara tatu: kuamua kutafuta msaada, kukifikia kituo, na kuhudumiwa akishafika. Sensa yetu ya 2019 ilionyesha vifo 355 vya akina mama kwa kila watoto 100,000 waliozaliwa hai. Ule ucheleweshaji wa pili, wa njiani, ndio wa ambulensi, na sura yake ni tofauti kila mahali. Tana River ni mafuriko yanayokata barabara. Taita ni milima. Mombasa ni msongamano. Kisauni na Kiwayu haviponi kwa dawa moja.

Kuna watakaonijibu kwamba mimi ndiye niliyedai viwango vya kitaifa aya chache zilizopita. Nilividai na bado navidai. Lakini kiwango cha maana huuliza mgonjwa atafikiwa ndani ya muda gani, na mtu mwenye mafunzo gani, akiwa na vifaa gani mkononi. Chombo kiwe na magurudumu manne au injini ya mashua, hilo aachiwe anayeijua njia.

Tazameni jirani. Tanzania bara haina ugatuzi kama wetu. Ina serikali kuu yenye nguvu ambayo ingeweza kuamuru kila kitu kutoka Dodoma. Hata hivyo mpango wa m-mama, uliozinduliwa kitaifa mwaka 2022 kwa ajili ya wajawazito na watoto wachanga, umechukua kutoka taifani kile kinachofaa kuwa cha taifa, yaani namba moja ya bure, 115. Ambulensi isipopatikana, hutumwa dereva wa eneo hilohilo aliyesajiliwa, na malipo yake huingia kwenye simu. Anayejua daraja gani limesombwa ndiye anayeendesha. Nchi ambayo haikulazimishwa na katiba yake imefika mahali ambapo wenzetu wanataka tuondoke.

Tano: gharama ambayo hakuna anayeitaja

Tuseme mjomba ameshinda. Kazi itahamishwaje? Njia ya kwanza ni kubadilisha Katiba. Kugusa muundo wa ugatuzi kunahitaji kura ya maoni, na tulikwisha kuona BBI, ule mpango wa kubadilisha Katiba, ilivyokula miaka na fedha mpaka Mahakama ya Juu ilipoizima Machi 31, 2022. Ni wajawazito wangapi watangoja kura ya maoni?

Njia ya pili ni Kifungu cha 187, serikali mbili kukubaliana kuhamisha kazi. Soma kifungu chote. Kinasema wajibu wa kikatiba wa kazi iliyohamishwa hubaki kwa serikali iliyokuwa nayo mwanzo. Maana yake, ambulensi isipofika, mama wa Hola akienda kwa kaunti ataambiwa magari yako Nairobi, na Nairobi itamwambia wajibu bado ni wa kaunti. Leo angalau anajua mlango wa kugonga. Mwakilishi wadi wake anaishi mtaa wa pili, anasali naye Ijumaa, na miaka mitano ikifika atakuja kumwomba kura. Waziri wa Afya hakuchaguliwa na mtu. Ambulensi ya Hola ikikosa tairi, itangoja tairi lililonunuliwa kwa zabuni ya nchi nzima.

Simaanishi kwamba magavana wamefanya vyema. Wengi wao wamelifanya gari la mgonjwa kuwa bango la uchaguzi. Wamenunua magari bila kuajiri wa kuyapanda, wamewaacha wahudumu wakiandamana kudai mishahara, na mabunge ya kaunti, yenye uwezo wa kutunga sheria zao za ambulensi hata kama Nairobi imelala, yamekaa kimya. Gavana anayemruhusu dereva kuomba mafuta kwa jamaa wa mgonjwa anastahili kung'olewa. Lakini ang'olewe na watu wa kaunti yake, kwa kura. Tukiihamisha kazi atabaki kitini, na lawama tu ndizo zitakazokuwa zimeondoka.

Ninachokitaka kinaweza kuandikwa katika sheria moja isiyozidi kurasa arobaini. Baraza la kisheria la wahudumu wa dharura. Leseni ya ambulensi, ya umma na ya binafsi, inayokaguliwa na kunyang'anywa hadharani. Marufuku ya kumsafirisha mgonjwa bila mhudumu aliyesajiliwa. Namba moja isiyolipiwa, inayolia katika kituo cha kaunti aliko mpigaji. Malipo ya SHA kwa kila safari, yavuke mpaka au yasivuke. Magari, mashua, madereva na ratiba zibaki zilipo.

Marufuku ile ya kusafiri bila mhudumu ndiyo ninayoitaka kwanza, na nina sababu. Usiku ule, muuguzi alipokuwa ndani ya ambulensi na mikono yake juu ya tumbo la binti wa shangazi yangu, mwanamke mwingine aliyeshikwa na uchungu alifika pale zahanati. Alikuta kufuli na taa ya nje inawaka. Mlinzi alimweleza kwamba sista amekwenda na gari, hajui atarudi saa ngapi. Yeye na mumewe waliketi barazani hadi karibu na alfajiri, kisha mume akaita bodaboda.